Birika la Kahawa ya Kuchuja kwa Mkono: Jinsi ya Kulichagua, Kulijaribu na Kulitunza Ukiwa Kigoma au Tabora

Mtu anayeanza kuchuja kahawa nyumbani kwa kawaida hununua koni (chombo chenye umbo la faneli kinachokaa juu ya kikombe), halafu karatasi za kuchujia, halafu hutafuta kahawa nzuri ya Kalinzi au Manyovu. Maji anachemshia kwenye birika lile lile la chai. Kikombe cha leo kinatoka kitamu, cha kesho kichungu, cha keshokutwa hakina ladha, ilhali kahawa ni ile ile na kipimo ni kile kile. Lawama humwendea mkulima au aliyeikaanga. Mara nyingi tatizo liko kwenye mdomo wa birika.

Ushauri mwingi kuhusu mabirika ya kuchujia kahawa, yale yenye mdomo mwembamba wa shingo ya bata, umeandikwa na watu wa Japani, Ulaya na Marekani. Ni mzuri kwao. Lakini maji yao yanachemka kwenye nyuzi nyingine, yana madini mengine, na umeme wao haufanani na wetu. Mtu wa Mwanga au Ujiji kule Kigoma, au wa Isevya kule Tabora, akiufuata neno kwa neno anaweza kulipia vitu asivyovihitaji na kukosa kile anachokihitaji.

Kazi ya mdomo

Kahawa ya kuchuja hutengenezwa kwa kumwagia maji ya moto juu ya kahawa iliyosagwa, ikiwa ndani ya karatasi. Maji hupita, hubeba ladha, hudondokea kikombeni. Ili kikombe kiwe kizuri, maji yapite kwenye kahawa yote kwa usawa. Yakimwagwa kwa nguvu mahali pamoja huchimba shimo, na kwa kuwa maji hufuata njia nyepesi, yanayofuata yote hupitia shimo hilo hilo. Kahawa iliyo kwenye njia hiyo hukamuliwa kupita kiasi na kutoa uchungu unaokausha ulimi. Iliyo pembeni huloa tu, ikabaki na utamu wake ndani. Ndiyo maana kikombe kimoja kinaweza kuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja.

Koni yenye gramu 15 za kahawa inataka maji ya gramu 4 hadi 6 kwa sekunde. Birika la chai lina mdomo mpana na mfupi unaoanzia katikati ya tumbo au juu zaidi. Ukiliinamisha kidogo halitoi kitu. Ukiongeza kidogo maji yanatoka kwa fungu. Hata mkono uliotulia hupata tabu kulifanya litoe chini ya gramu 15 kwa sekunde, na hapo shimo limeshachimbika.

Birika la shingo ya bata lina mdomo mwembamba unaoanzia chini, karibu na kitako, ukapanda, ukajipinda, kisha ncha yake ikaelekea mbele na chini kidogo. Kuanzia chini si urembo. Maji ndani ya mdomo hukaa kimo kimoja na maji yaliyo tumboni, kwa hiyo kila unapoinamisha kidogo, kinachoongezeka ni kidogo. Hakuna lile fungu la kwanza linaloruka na kutua katikati ya kahawa.

Kwenye mdomo tazama mambo mawili kwa makini. La kwanza ni upana wa ndani wa ncha. Milimita 6 hadi 9 zinafaa kwa kikombe kimoja mpaka vitatu. Ikizidi milimita 10 unarudi kwenye tabia za birika la chai. Ikiwa chini ya 5, utashindwa kumimina haraka pale kahawa inapohitaji, na kipande kidogo cha chokaa kitaweza kuiziba.

La pili ni ukingo wa ncha. Ukingo mkali, mwembamba, uliokatwa mshazari huachia maji mara tu unapoinua birika. Ukingo mnene uliokunjwa nje hushikilia tone, tone hurudi nyuma likifuata upande wa chini wa mdomo, likateremka mpaka kitakoni. Hapo mizani iliyo chini ya kikombe inasoma maji ambayo hayakuingia kwenye kahawa, meza inaloa, na kwenye jiko la mkaa unasikia tone likichomeka kila unaporudisha birika motoni. Kasoro hii haitibiki kwa ustadi wa mkono. Birika linalotiririsha kwa chini liache dukani.

Joto: hapa mwinuko umekusaidia

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari. Kila unapopanda takriban mita 300, nyuzi moja hupungua. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya bahari, kwa hiyo Kigoma mjini maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu. Tabora, iliyo kwenye takriban mita 1,200, huchemka kwenye nyuzi 96. Ukipanda milimani kunakolimwa kahawa, kwenye mita 1,500, ni nyuzi 95.

Kiwango kinachopendekezwa na Specialty Coffee Association, chama cha kimataifa cha wadau wa kahawa bora, kwa maji yanapokutana na kahawa ni nyuzi 90 hadi 96. Linganisha na nambari za hapo juu. Maji yanayochemka Tabora tayari yamo ndani ya kiwango. Ya Kigoma yamezidi kwa nyuzi moja tu, na hiyo hupotea maji yakiwa yanasafiri kutoka mdomoni hadi kwenye koni.

Kwa hiyo lile agizo la kusubiri sekunde 30 au dakika nzima baada ya maji kuchemka, liache. Lilitungwa kwa watu wa pwani na nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Ukisubiri dakika moja Tabora, maji yanashuka hadi nyuzi 94 au 95. Yakiingia kwenye koni ya kauri ambayo haikupashwa moto yanapoteza nyingi zaidi, na kahawa yenyewe inaishia kwenye nyuzi 85 au chini yake. Kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya mdalasini, haitafunguka kwa joto hilo. Itatoka chachu. Chemsha, ondoa, mimina.

Isipokuwa kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi yenye mafuta juu. Hiyo inataka nyuzi 86 hadi 90. Fungua kifuniko, subiri dakika tatu au nne, ndipo umimine. Birika la stenlesi lenye maji gramu 600 hupoteza nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika, na upotevu huongezeka kadiri maji yanavyopungua.

Haya yote yana maana moja kwa mnunuzi: birika la umeme lenye skrini ya joto ni kitu kizuri, lakini hapa kwetu si la lazima. Kama fedha haitoshi kwa vyote, lipia mdomo.

Mkaa, gesi au umeme

Kwenye jiko la mkaa, adui wa birika la shingo ya bata ni miali ya pembeni. Mengi ya mabirika haya yana kitako cha sentimita 13 hadi 15 na mkono wa plastiki au mbao uliokaa karibu na tumbo. Jiko likiwa pana kuliko kitako, moto hupanda ubavuni, plastiki inalainika, na skrubu za mkono zinalegea. Majivu nayo yanaingia kwenye mdomo ulio wazi. Ukitaka kulitumia moja kwa moja kwenye mkaa, chagua lenye mkono wa chuma, lishike kwa kitambaa, na uliweke makaa yakiwa yameshakolea bila ndimi za moto.

Njia bora zaidi kwa mwenye mkaa ni kuwa na vyombo viwili. Chemsha kwenye birika la kawaida au sufuria, kisha hamishia kwenye birika la shingo ya bata ambalo halipiti motoni kabisa. Halipati masizi, mkono haungui, na litadumu miaka mingi. Lakini lina sharti moja. Birika tupu la stenlesi lenye uzito wa gramu 400, likiwa na joto la chumba, hunyonya nyuzi 5 kutoka kwenye gramu 600 za maji yanayochemka, na kumimina kwenyewe hupoteza nyingine. Maji yaliyokuwa nyuzi 96 yanafika 90 kabla hujaanza. Kwa hiyo kwanza tia kikombe kimoja cha maji yanayochemka, funika, zungusha, subiri nusu dakika, yamwage kwenye kikombe cha kunywea ili nacho kipate joto, ndipo ujaze maji ya kuchujia.

Chupa ya chai inaweza kutunza maji yaliyochemka muda huu huu kwa ajili ya kikombe cha pili. Maji yaliyolala kwenye chupa usiku kucha hayafai. Yameshapoa mno, hata kama bado yanatoa mvuke.

Kwa gesi, wengi wana mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Angalia vyuma vinavyoshikilia chombo: kitako cha birika kivifunike kwa angalau sentimita moja kila upande, vinginevyo litayumba, na birika lenye mdomo mrefu huelemea upande wa mdomo likijaa. Punguza moto mpaka miali isitokeze nje ya kitako. Moto mkubwa hauchemshi haraka zaidi pale unapopita ubavuni. Unateketeza gesi na mkono.

Umeme ndio wenye mambo mengi, tuyachukue moja moja.

Mabirika ya shingo ya bata ya umeme mengi yana ujazo wa lita 0.8 hadi 1 na nguvu ya wati 1,000 hadi 1,200. La wati 1,000 huchemsha gramu 700 za maji kutoka nyuzi 25 kwa takriban dakika 4 na hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Umeme ukiwa mdogo, tuseme volti 190 badala ya 230, nguvu inashuka hadi theluthi mbili, na dakika 4 zinakuwa 6. Birika halijaharibika, ni umeme.

Kabla ya kulipia lililoagizwa nje au lililotumika, geuza kitako chake usome kibandiko. Kisome volti 220 hadi 240. Lililotengenezwa kwa soko la Marekani ni la volti 120, la Japani ni 100. Ukilichomeka kwenye soketi yetu litaungua, na adapta ya kubadili umbo la plagi haibadilishi volti. Wanaotumiwa zawadi na ndugu walio nje wawaambie mapema.

Kwa nyumba yenye sola, usilichomeke birika la wati 1,000 kwenye inveta ya wati 500 au 1,000. Birika hilo linataka inveta ya angalau wati 1,500 na betri zinazoweza kutoa mkondo huo. Bila hivyo inajizima, au nyaya zinapata moto. Sola ya taa na runinga haichemshi maji. Hapo birika la gesi ndilo jibu.

Sasa skrini. Birika lenye kuchagua joto huwa na kihisi kwenye kitako na saketi inayokata umeme nambari ikifikiwa. Ukiliambia nyuzi 100 ukiwa Tabora, nambari hiyo haitafikiwa kamwe. Baadhi yana akili ya kutambua maji yanachemka na kujizima. Mengine huendelea kuchemsha, mvuke ukijaa jikoni, mpaka maji yapungue. Weka nyuzi 95 Kigoma na 94 Tabora, litafika na kutulia. Ya bei nafuu hupitiliza kwa nyuzi 2 au 3, kwa sababu kitako bado kina moto baada ya umeme kukatika, kwa hiyo hakikisha mara moja kwa kipimajoto cha jikoni halafu ukumbuke tofauti. Yale yasiyo na skrini, yenye swichi inayoruka yenyewe, huzimwa na mvuke na si nambari. Yanafanya kazi vizuri kwenye mwinuko wowote, na saketi zake chache hustahimili zaidi umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo.

Kwa vyovyote, chomoa plagi umeme ukikatika. Kinachoua saketi mara nyingi ni ule mpigo wa kurudi. Na tumia soketi ya ukutani yenye waya wa ardhini. Ekstensheni nyembamba ikipata moto mkononi, hiyo si ya birika.

Chuma, ujazo na mkono

Stenlesi ndiyo ya kuchagua. Aina inayoandikwa 304 au 18/8 hustahimili kutu vizuri kuliko 201, inayotumika kwenye vyombo vya bei ya chini. Watu hupenda kujaribu kwa sumaku, lakini sumaku haizitofautishi hizo mbili, kwani zote kwa kawaida haziivuti. Inayovuta sumaku ni aina nyingine, na hiyo inatakiwa tu kwa jiko la induksheni. Badala ya sumaku, ingiza tochi ya simu ndani na utazame pale mdomo unapounganika na tumbo. Mshono uwe laini na wenye rangi moja. Ukiona madoa ya kahawia kwenye birika jipya, kutu imeshaanza.

Alumini ni nyepesi na hupata moto upesi, lakini maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, na alumini hugeuka nyeusi ndani ikichemshiwa maji hayo mara kwa mara. Kwa vyombo viwili vya mkaa, alumini ichemshe, stenlesi imimine. Enameli inapendeza mpaka ipate pigo la kwanza. Ikibanduka, bati la chini linashika kutu. Shaba isiyopakwa bati ndani iepuke.

Na dele? Dele la kahawa la vijiweni vya Ujiji lina mdomo mzuri kwa kazi yake ya kujaza vikombe vidogo kahawa iliyokwisha kuchemshwa. Kwa kumimina juu ya koni linatoa maji mengi mno, na mdomo wake unaanzia juu. Lisilazimishwe.

Wengine humwendea fundi bati awaunganishie mdomo mwembamba kwenye birika la zamani. Wazo zuri, lakini risasi ya kulehemu inayotumika kwenye mabati huwa na madini ya sumu yasiyotakiwa kugusa maji ya kunywa, hasa ya moto. Kama fundi anaweza kuchomelea stenlesi kwa stenlesi, sawa. Kama anatumia risasi, achana nalo.

Ujazo unaotosha nyumba nyingi ni lita 0.8 hadi 1. Hesabu ni hii: kikombe kimoja kinataka gramu 250 za kuchujia, gramu 100 za kuosha karatasi na kupasha koni, na yabaki angalau gramu 150 ndani, kwa sababu birika likikaribia kuwa tupu mtiririko unakatika na kutetereka. Jumla ni gramu 500. Chini ya lita 0.6 utabanwa. Juu ya lita 1.2 kifundo cha mkono kinachoka, na mkono uliochoka haumimini kwa utulivu. Usijaze hadi ukingoni hata hivyo. Usawa wa maji ukikaribia ncha ya mdomo, birika litatema maji ya moto kupitia mdomo mara tu litakapochemka. Tazama kwa ubavu: ncha iwe juu ya alama ya mwisho ya kujaza.

Kuhusu mkono, shika birika likiwa na maji, si tupu. Birika la gramu 600 likiwa na maji gramu 700 ni kilo 1.3. Mkono ukiwa mbali na tumbo, uzito wote unavuta mbele. Vidole vyote vinne viingie bila kugusa chuma, na tundu la mvuke kwenye kifuniko lisielekee vidole hivyo. Kifuniko kibane, maji yakipungua unainamisha zaidi, na kifuniko kilegevu huangukia kwenye koni pamoja na mvuke.

Kulijaribu kabla ya kulipa

Nenda na mizani ndogo ya jikoni kama unayo, na uombe maji ya kawaida. Tia gramu 600. Weka bakuli juu ya mizani, kisha:

1. Mimina polepole uwezavyo kwa sekunde 10. Uzi wa maji usikatike, na mizani isome gramu 30 hadi 50. Likikataa kwenda chini ya 80, mdomo ni mpana.
2. Mimina haraka kwa sekunde 10. Lifike gramu 90 au zaidi bila kurusha matone pembeni.
3. Inua birika sentimita 15 juu ya bakuli, mimina kwa mwendo wa kati. Uzi ubaki mzima mpaka unapogusa maji. Ukianza kuvunjika matone karibu na mdomo, ncha ina makunyanzi ndani.
4. Simamisha ghafla mara tano mfululizo, halafu pitisha kidole kavu chini ya mdomo. Kidole kibaki kikavu.
5. Rudia la kwanza likiwa limebaki na gramu 200.

Jaribio la nne ndilo linaloondoa mabirika mengi. Kama unaagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi au treni, mwombe muuzaji akutumie video fupi ya jaribio hilo akimimina na kusimamisha. Video ya sekunde 20 inakuambia zaidi ya picha kumi za tangazo. Likifika, kagua ncha ya mdomo kabla ya kitu kingine, maana ndiyo inayopinda kwenye mizigo.

Matumizi ya kwanza

Chemsha maji na kuyamwaga mara tatu ili kutoa mafuta na harufu za kiwandani. Likiwa na kipande cha plastiki ndani na harufu isiishe baada ya mara tano, lirudishe.

Kisha pika kikombe cha kulijaribu. Saga gramu 15, chembe za kati, ukubwa wa sukari nyeupe. Weka karatasi kwenye koni, ioshe kwa gramu 100 za maji yanayochemka, mwaga. Tia kahawa, isawazishe kwa kutikisa, weka kwenye mizani isome sifuri.

Mimina gramu 45, ukianzia katikati na kuzunguka kuelekea nje, ncha ikiwa sentimita 5 hadi 8 juu ya kahawa. Kahawa mpya, ya wiki mbili tangu ikaangwe, itaumuka na kutoa mapovu. Ni kabonidayoksaidi inayotoka, na isipopewa nafasi itazuia maji kuingia. Subiri mpaka sekunde 40. Rudisha birika motoni muda huo.

Kuanzia hapo mimina kwa gramu 5 kwa sekunde, miduara midogo, mpaka mizani isome gramu 150. Acha maji yashuke nusu, halafu malizia mpaka 250. Usimimine kwenye karatasi pembeni. Maji hayo huteremka kando bila kugusa kahawa na kuchuja bure. Matone ya mwisho yaishe kati ya dakika 2 na sekunde 45 na dakika 3 na sekunde 15.

Angalia kahawa iliyobaki kwenye karatasi. Ikiwa bapa, ulimimina sawa. Ikiwa na shimo katikati, ulimimina juu mno au haraka mno: shusha ncha kwanza kabla ya kubadili kitu kingine. Ikiwa imeganda ukutani huku katikati hamna kitu, miduara ilikuwa mipana. Na ikiwa maji yalisimama juu kama tope na kuchukua dakika 4 au 5, umwagaji wa nguvu umesukuma unga laini chini ukaziba karatasi. Wengi hukimbilia kusaga kwa ukubwa zaidi, kumbe dawa ni kupunguza kasi ya birika.

Maji, na chokaa ndani ya mdomo

Maji ya bomba ya Kigoma mjini hutoka ziwani. Ziwa Tanganyika lina pH (kipimo cha uchachu na ualkali) karibu na 9 na bikabonati nyingi, yaani chumvi zinazoyapa maji ualkali, kiasi cha miligramu 300 na ushei kwa lita zikihesabiwa kama kalisi kabonati, ilhali kiwango kinachopendekezwa kwa kahawa ni karibu na 40. Bikabonati huua uchachu mzuri. Kahawa ya Kalinzi iliyokaangwa kwa uangalifu, ukiichuja kwa maji hayo, hutoka bapa, yenye ladha ya chaki kwa mbali, na hakuna birika litakaloirekebisha. Changanya sehemu moja ya maji ya bomba na sehemu nne za maji ya mvua safi, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, kisha uyachemshe. Tofauti utaionja kwenye kikombe cha kwanza. Kiangazi tumia maji ya chupa yenye madini machache badala ya mvua.

Tabora ina bahati. Maji yanayofika kwa bomba kutoka Ziwa Victoria ni laini, bikabonati yake iko karibu na kiwango kinachotakiwa. Yakinuka klorini, yaache usiku kwenye chombo kilicho wazi kilichofunikwa kitambaa. Visima vina tabia zake. Kisima kinachoacha ukoko mweupe kwenye sufuria kitauacha pia kwenye birika.

Ukoko huo ndio unaomaliza mabirika ya Kigoma. Huanza kama vumbi jeupe kitakoni, kisha hubanduka vipande vyembamba, na vipande hupanda mdomoni. Kipande kimoja kikikaa nyuma ya ncha, uzi wa maji unapinda kushoto au kulia, au unagawanyika mara mbili, na mtu anadhani mkono wake umepoteza ustadi. Kwenye birika la umeme ukoko hufunika kihisi, na nambari ya skrini huanza kudanganya.

Kwa maji ya ziwa safisha kila baada ya wiki mbili. Kwa maji ya Victoria, kila miezi miwili au mitatu inatosha. Tia nusu lita ya maji na gramu 10 hadi 15 za asidi ya sitriki, au maji ya ndimu tatu yaliyochujwa, au mililita 100 za siki nyeupe. Pasha mpaka karibu na kuchemka, zima. Inamisha birika kidogo ili mdomo wote ujae mpaka kwenye ncha, uliegemeze hivyo kwa dakika 20. Mwaga kupitia mdomo, si kwa juu, ili vipande vitoke kwa njia ile ile. Ingiza brashi nyembamba ya chupa, au uzi mnene wa pamba wenye fundo, uuvute mara mbili tatu. Chemsha maji safi na kuyamwaga mara mbili. Usitumie steelwuli ndani. Mikwaruzo yake ndiyo inayoshika ukoko mpya upesi zaidi.

Kila siku, ukimaliza kuchuja, mwaga maji yaliyobaki likiwa bado la moto na uliache bila kifuniko. Moto wa chuma utalikausha lenyewe kwa dakika chache, pamoja na ule mshono wa mdomo ambao kitambaa hakiufikii.